Blogu ya darasa hapa Amu: kuanzia daftari hadi kuchapisha (uzi mrefu)

Mwl_Mkomani (mleta uzi)

Asalaam aleikum wadau. Uzi huu ni wa walimu wa gredi ya 5 hadi ya 9 wa Amu (Lamu) na visiwa vyake, pamoja na jirani zetu wa Malindi, wanaotaka kutumia blogu kufundishia. Blogu za darasa huanza kwa shangwe Januari, na nyingi hazioni likizo ya Aprili. Sababu zake zinajulikana na zina dawa, kwa hivyo tuziweke hapa moja baada ya nyingine.

Kwanza tuelewane blogu inafundisha kwa njia gani. Daftari la insha hutoka kwa mtoto kwenda kwa mwalimu, likarudi na wino mwekundu. Msomaji wake ni mmoja tu, tena msomaji ambaye jibu analo tayari. Blogu inampa mtoto msomaji asiyejua. Akiandika "tulitia kalafati", mtoto wa Mpeketoni, kule bara, atauliza kalafati ni nini, na mwandishi atalazimika kueleza: pamba husokotwa, ikachovywa mafuta, ikashindiliwa kwenye maungio ya mbao ili maji yasipenye. Hilo swali ndilo somo. Blogu isiyoulizwa maswali ni ubao wa matangazo.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi huanguka. Darasa la watoto 45 ligawe makundi 9 ya watoto 5. Kila wiki makundi 3 pekee ndiyo yanachapisha, kwa hivyo kila kundi linafikiwa mara moja kwa wiki 3. Katika wiki 12 za kufundisha unapata machapisho 36, na kila kundi limeandika mara 4. Chapisho moja liwe na maneno 250 hivi. Mwalimu anasoma maneno 750 kwa wiki na anayasoma vizuri. Ukimwambia kila mtoto aandike lake, ni maneno 11,250 kwa wiki. Hakuna mwalimu mwenye vipindi vingine atakayeyamaliza. Machapisho yatalala kwenye rasimu wiki mbili, watoto watavunjika moyo, na hapo blogu imekwisha.

Mzunguko wa wiki: Jumatatu kundi linachagua swali moja (swali, si mada). Jumanne na Jumatano linakusanya habari. Jumatano jioni rasimu inaandikwa daftarini. Alhamisi asubuhi inasomwa na kundi jingine, inasahihishwa, inachapwa na kuwekwa. Ijumaa acheni kama ilivyo, ratiba ya adhuhuri tunaijua. Jumatatu inayofuata, dakika 15 za mwanzo wa kipindi ni za maoni.

---

BintiShela

Waaleikum salaam Mwalimu. Umesema "swali, si mada". Naomba ufafanue, kwa sababu mitihani yetu inatoa mada na watoto wamezoea hivyo.

---

Mwl_Mkomani

Dada, mada ni "Umuhimu wa punda". Mtoto ataandika kwamba punda ni muhimu sana, hubeba mizigo, tumtunze. Umemaliza na hujasoma kitu. Swali ni "Punda mmoja hubeba mifuko mingapi ya mchanga kutoka ufukoni hadi kwenye nyumba inayojengwa, na kwa nini si zaidi?" Sasa mtoto ataenda kuuliza, atahesabu, ataangalia shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda) limefungwa vipi, na ataelezwa na mchukuzi kinachompata mnyama akizidishiwa. Akirudi ana habari ambayo mwalimu hana.

Kipimo chepesi: kama swali linajibika bila kutoka darasani, libadilisheni.

---

Kipungani_Sayansi

Nachangia upande wa sayansi na hesabu, maana watu wakisikia blogu hufikiri ni insha za Kiswahili tu.

Chapisho zuri kuliko yote kwa watoto wa pwani ni daftari la maji. Chagueni gati lenye ngazi. Pimeni kimo cha ngazi moja kwa rula. Kila siku, mtu mzima akiwa pamoja nao, watoto wawili wanaandika vitu vitatu: saa ya maji kujaa, ngazi ngapi zimebaki kavu, na tarehe ya mwezi mwandamo. Hakuna haja ya kuingia majini wala kusimamisha mti wa kupimia, ambao utasombwa tu au kugongwa na boti. Ngazi ikiwa na kimo cha sentimita 18, na leo maji yamefunika ngazi 3 zaidi ya juzi, basi yamepanda sentimita 54.

Mkienda siku 30 mchoro utaonyesha vilele viwili. Bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) huja karibu na mwezi kuandama na siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo) huja mwezi ukiwa nusu. Mtoto ataona pia kwamba saa ya maji kujaa inasogea mbele kama dakika 50 kila siku. Hapo una kichwa cha chapisho: "Kwa nini boti ya asubuhi ilikwama Alhamisi na haikukwama Jumatatu?"

Yanayoharibika: maji hujaa mara mbili kwa siku, na watoto wakichanganya vipimo vya asubuhi na vya usiku mchoro unaruka-ruka bila mpango. Fuateni mjao wa mchana peke yake. Ukianza kuangukia alfajiri au magharibi, hamieni mjao mwingine na mwandike wazi kwamba mmehamia. Na siku ambayo hakuna aliyekwenda gatini, nafasi iachwe tupu. Ni lazima watoto wazoee kuacha tupu. Namba ya kubuni ikiingia kwenye jedwali mara moja, jedwali zima halina thamani tena, na hilo nalo liwekwe kama kanuni ya blogu.

---

Fundi_Langoni

Niingie kwenye mitambo. Nitaeleza kwa Blogger, huduma ya blogu ya Google, kwa kuwa haina malipo na inafunguka hata kwenye simu nyepesi. WordPress.com nayo inafaa, ila ile ya bure huweka matangazo kwenye kurasa zenu na huwezi kuchagua yapi.

1. Fungua akaunti mpya ya barua pepe kwa ajili ya darasa. Usitumie akaunti yako binafsi, siku ukihamishwa shule blogu itaondoka nawe. Neno la siri liandikwe na kuwekwa kwa mwalimu mkuu ndani ya bahasha.

2. Mara tu blogu ikishafunguliwa, nenda kwenye mipangilio uweke saa za Nairobi (GMT+3). Mara nyingi inakuja na saa za Marekani upande wa Pasifiki, na chapisho la Alhamisi asubuhi linaonekana la Jumatano usiku. Kwa wale wa daftari la maji hili ni kosa kubwa.

3. Maoni yote yapitie kwa mwalimu kwanza kabla ya kuonekana. Yote, bila ubaguzi. Maoni ya matangazo ya mikopo na kamari hayakawii kuingia.

4. Kwa mwezi mmoja wa mwanzo blogu iwe ya faragha, ionekane kwa watu mliowaalika. Iwe wazi baada ya wazazi kuiona.

5. Lebo, yaani maneno ya kupangia machapisho. Kubalianeni lebo 8 tu kwa muhula mzima, ziandikwe karatasini na kubandikwa ukutani: bahari, ujenzi, chakula, maneno, hesabu, afya, historia, mazingira. Bila orodha hiyo utakuta "Bahari", "bahari", "baharini" na "samaki", na kutafuta chapisho la zamani kunakuwa kazi. Kuchagua lebo ni zoezi la kuainisha, kwa hivyo kundi lijadili lenyewe na kuandika sababu.

Picha: simu za siku hizi hutoa picha ya megabaiti 3 hadi 5. Picha 25 za namna hiyo ni kama megabaiti 100 za bando lako kuzipandisha, na kila mzazi atakayefungua ukurasa atalipia tena upande wake. Zipunguzeni kwanza hadi upana wa pikseli 1,200, zitashuka hadi kilobaiti 200 hivi, na kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti. Picha 25 sasa ni megabaiti 5. Kwenye mipangilio ya kamera zimeni kipengele cha kuhifadhi mahali. Kikiwashwa, picha inabeba ndani yake nukta ya mahali ilipopigwa, hata kama ni ua wa nyumbani kwa mtoto.

---

MamaWaWatatu

Ahsanteni. Mimi ni mzazi na hapo kwenye picha ndipo ninapopata wasiwasi. Mtoto wangu yuko gredi ya 6. Nani atajua jina lake, na simu anatoa wapi, maana shuleni simu haziruhusiwi?

---

Mwl_Mkomani

Una haki ya kuuliza, bi. Mtoto hahitaji simu wala akaunti. Google yenyewe hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti, na watoto wa gredi ya 6 wengi hawajafika hapo. Akaunti ni moja ya darasa, iko mikononi mwa mwalimu, na mtoto anachapa kwenye tableti au kompyuta ya shule mwalimu akiwepo.

Kuhusu jina na picha, kanuni inayofaa kubandikwa ukutani ni hii: jina kamili la mtoto, uso wake na jina la shule visikutane kamwe. Watoto wajichagulie majina ya kalamu ya kundi, kama Tanga, Foromali, Usukani, Mkuku, Nanga. Picha ziwe za mikono na kazi. Mikono inayosuka ukili inamweleza msomaji mengi kuliko uso unaotabasamu, na hakuna wa kumtambua mtoto.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye mambo haya: blogu inaitwaje, nani anaisimamia, nini kitawekwa na nini hakitawekwa, na mzazi afanye nini akitaka chapisho liondolewe. Mpe mzazi nafasi ya kusema hapana bila mtoto kupoteza alama. Mtoto wa namna hiyo anaandika kama wenzake, ila kazi yake inabaki kwenye ubao wa darasani.

Na idhini si ya watoto peke yao. Mzee anayehojiwa barazani aambiwe kwamba maneno yake yatasomwa na watu wa nje, kisha asomewe rasimu kabla haijachapishwa. Ndani ya nyumba za watu, harusini na misikitini, kamera ibaki mfukoni mpaka wenyewe waseme ndiyo.

---

Sanifu_Daima

Mimi nina neno. Watoto wetu tayari wanachanganya Kiamu na Kiswahili sanifu kwenye mitihani. Wakiwa na blogu wataandika "ndia" na "mato" mbele ya dunia nzima. Hii haitawaharibu zaidi?

---

BintiShela

Maalim, nadhani itawasaidia, ikipangwa. Mtoto huchanganya kwa sababu hajaonyeshwa mpaka uko wapi. Blogu inaweza kumwonyesha. Maelezo yote yaandikwe kwa sanifu, na maneno ya mzee aliyehojiwa yabaki kwa Kiamu kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, na chini ya chapisho iwekwe faharasa ya maana ya maneno hayo.

Kisha lebo ya "maneno" ijazwe taratibu. Watoto wakikusanya maneno 20 tu watajionea wenyewe sheria ilivyo: penye ch ya sanifu, Kiamu mara nyingi kina t (nchi na nti, mchele na mtele, macho na mato). Penye nj kuna nd (njia na ndia, njaa na ndaa). Penye j kuna y (jana na yana, jua na yua). Mtoto aliyeigundua sheria hii mwenyewe hatakosea tena kwenye mtihani, kwa kuwa sasa anajua anavuka kutoka wapi kwenda wapi. Na lahaja ya mababu zake amepata kuiandika bila kuionea haya, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko alama.

---

Sanifu_Daima

Hilo la alama za kunukuu na faharasa nalikubali. Ila mwalimu awe mkali: neno la Kiamu nje ya nukuu lirudishwe likasahihishwe.

---

BintiShela

Lirudishwe, ndiyo, lakini kwenye daftari. Kusahihisha mbele ya watu ni jambo jingine. Mwalimu akiandika "Umekosea tahajia mstari wa tatu" kwenye maoni ya blogu, mtoto yule hataandika tena kwa hiari. Makosa ya lugha yamalizwe kwenye rasimu. Kwenye blogu mwalimu aandike kama msomaji mwingine: aulize, aongeze.

---

Mwl_Mkomani

Maoni yanahitaji kufundishwa kama somo. Usipofundisha utapata "safi sana", "hongera", "nzuri", basi. Kanuni ya watoto ni taja, uliza, ongeza. Taja kitu kimoja mahususi ulichokisoma, uliza swali moja ambalo chapisho halijalijibu, ongeza jambo moja unalolijua. Sentensi tatu.

Niweke mfano ili ionekane inavyofanya kazi. Rasimu ya kwanza:

"Ngome ya Lamu ni jengo kubwa na la kupendeza. Lilijengwa zamani sana. Watalii wengi huja kuliona."

Maswali yaliyoletwa na makundi mengine: Zamani ni lini? Kuta ni za nini? Kabla ya watalii lilikuwa la nini?

Chapisho baada ya kufanyiwa kazi:

"Ngome ya Lamu ilimalizika kujengwa 1821. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Kwa miaka mingi ilikuwa jela, hadi 1984, kisha ikawa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ukisimama uwanjani mbele yake asubuhi utakuta soko upande mmoja na wazee wamekaa kivulini upande wa pili."

Maneno "kubwa" na "ya kupendeza" yameondoka yenyewe, hakuna aliyeyakataza. Na usiifute rasimu ya kwanza. Ibandike chini kabisa ya chapisho au uihifadhi daftarini. Mwisho wa muhula mtoto akiziweka hizo mbili sambamba atajiona alivyopanda.

Tarehe na namba zithibitishwe kwa vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Kurasa mbili za mtandaoni zenye sentensi ile ile ni chanzo kimoja.

---

Faza_Darasani

Tuko mbali na mji, mtandao unakuja na kuondoka, umeme wa sola unatosha saa chache. Yote haya tutayafanyaje?

---

Fundi_Langoni

Ndugu, kuna njia tatu, na ya kwanza haihitaji umeme.

Njia ya ukuta. Karatasi ya manila moja kwa kila chapisho: kichwa juu, tarehe, jina la kundi, maelezo, mchoro. Chini yake bandikeni bahasha au vipande vya karatasi vya maoni. Mwalimu anavipitia kabla ya kuvibandika, kama vile anavyopitisha maoni mtandaoni. Hata shule zenye mtandao zianze hivi wiki 2 za kwanza. Watoto wakishazoea taja, uliza, ongeza kwenye karatasi, hawatababaika na kompyuta.

Njia ya barua pepe. Blogger inakuwezesha kuweka anwani ya siri ya barua pepe, na kinachotumwa huko kinaingia kama rasimu ya blogu. Unaandika chapisho kwenye simu bila mtandao, unabonyeza tuma, linakaa kwenye foleni mpaka simu ipate mawimbi. Chagua lihifadhiwe kama rasimu, lisichapishwe moja kwa moja. Saini ya barua pepe yako, yenye jina na namba ya simu, iondoe kwanza, la sivyo itatokea mwishoni mwa kila chapisho la watoto.

Njia ya tatu ni blogu ya ndani ya shule. Kompyuta moja ya mkononi inawekwa programu ya XAMPP (inayoigeuza kompyuta kuwa seva) pamoja na WordPress ya kujisakinishia, zote za bure. Ruta yoyote, hata isiyo na laini ya intaneti, inaunganisha tableti na kompyuta hiyo. Watoto wanaandika na kutoa maoni bila senti ya bando, kisha mwalimu akija mjini anachapisha yale yaliyo tayari.

Hapa makosa ni mawili na yanarudi kila mara. La kwanza, blogu inafunguka kwenye kompyuta yenyewe lakini kwenye tableti inagoma. Sababu ni kwamba WordPress imehifadhi anwani yake kama "localhost", na tableti ikielekezwa huko inajitafuta yenyewe. Ingia mipangilio ya jumla, badilisha anwani zote mbili za tovuti ziwe namba ya kompyuta kwenye ruta, mfano 192.168.1.10, kisha kwenye ruta ifunge namba hiyo isibadilike kompyuta ikizimwa na kuwashwa. La pili, ulinzi wa Windows unazuia tableti kuingia. Iruhusu Apache (sehemu ya XAMPP inayotoa kurasa) kwenye mtandao wa ndani.

Sola: kompyuta ya mkononi na ruta ndogo kwa pamoja hula kama wati 50 hadi 70. Kipindi kimoja kwa siku ni mzigo mdogo. Chajini tableti saa 6 hadi saa 9 mchana jua likiwa kali, jioni msiziguse.

---

Malindi_Gredi7

Salamu kutoka Malindi. Kitu kilichokosekana kwenye uzi ni darasa pacha. Wasomaji wa kweli hawapatikani kwa kuacha blogu wazi na kungoja. Tafuteni darasa moja la umri ule ule, mahali pengine, mkubaliane kwamba kila Jumatatu mtasomana.

Amu na Malindi zinafaana kwa hili, ziko karibu lakini bahari zake si sawa. Mvua kubwa zikinyesha bara, Mto Sabaki huleta udongo mwingi na maji ya Malindi huwa ya rangi ya chai kwa wiki kadhaa. Mtoto wa Malindi anaona ni kawaida, mtoto wa Shela atauliza udongo unatoka wapi. Swali hilo litampeleka mwenzake kwenye ramani, aufuate mto nyuma mpaka Galana na Athi, na atakutana na mmomonyoko wa ardhi akiutafuta mwenyewe. Watoto wa Amu nao wakieleza jahazi linavyojengwa Matondoni, wa Malindi watauliza taruma (ubavu wa jahazi) ni nini na kwa nini mbao zake huchaguliwa zilizopinda toka mtini.

Angalizo: msianze na madarasa zaidi ya mawili. Yakiwa manne, kila mmoja anadhani mwenzake atajibu. Na wekeni kwa maandishi kwamba kila chapisho lipate maoni angalau 3 ndani ya siku 7. Chapisho lisilojibiwa linamuumiza mtoto kuliko lililokosolewa.

---

Mwl_Mpya_Pate

Shukran sana. Maswali mawili. Alama natoa vipi? Na nini kinamzuia mtoto wa gredi ya 8 kunakili mtandaoni au kuandikiwa na akili mnemba?

---

Mwl_Mkomani

Alama: ziwe 20 kwa kundi kwa kila mzunguko. Habari iliyokusanywa na watoto wenyewe 6, usahihi wa namba na vyanzo 4, mabadiliko kutoka rasimu hadi chapisho 4, lugha 3, maoni waliyowapa wengine 3. Urefu hauna alama. Ukiupa urefu alama, unalipia maneno ya kujazia. Mtaala wa umilisi unataka mawasiliano na ushirikiano, ujuzi wa kidijitali na kufikiri kwa kina, na vyote vimo humo bila kutengeneza kazi ya ziada.

Zamu ndani ya kundi zibadilike kila mara: mhoji, mwandishi, mhakiki wa namba, mpiga picha, mchapaji. Usipozibadilisha, yule mwenye kompyuta nyumbani atachapa mwaka mzima na wengine wanne watatazama. Mtoto mgeni wa kibodi akichapa maneno 10 kwa dakika, maneno 250 ni dakika 25, yanatosha ndani ya kipindi cha dakika 40. Gredi ya 5 na 6 wenye dakika 35 wapunguze hadi maneno 180.

Kunakili: dawa yake iko kwenye swali. Muulize "historia ya Lamu ni nini" na atanakili, maana iko tayari. Muulize seremala wa mtaa wake huanza kuchonga mlango upande gani na hutumia patasi ngapi, na hakuna mtambo utakaomjibu. Kabla ya kuchapa, kundi lionyeshe ukurasa wa daftari wenye maswali ya mahojiano, majibu yaliyoandikwa haraka haraka, na tarehe. Hakuna ukurasa huo, hakuna kuchapa. Akili mnemba ikitumika kusahihisha tahajia, waandike hivyo chini ya chapisho.

---

Kipungani_Sayansi

Niongeze hapo kwa picha. Nazo hunakiliwa. Kanuni iwe picha ya kwenu au mchoro wenu wa mkono uliopigwa picha. Mchoro wa sehemu za jahazi wenye mishale na majina unafundisha zaidi, kwa kuwa huwezi kuchora mahali mataruma yanapokutana na mkuku kama hujapatazama.

---

Mwl_Mpya_Pate

La mwisho, wadau. Muhula ukiisha, kazi tunaihifadhi vipi?

---

Fundi_Langoni

Kwenye Blogger kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ndani ya mipangilio. Inakupa nakala ya machapisho, kurasa na maoni. Kwa picha msiitegemee, maana zikikosekana watu hugundua wakiwa wamechelewa. Kwa hivyo tangu wiki ya kwanza wekeni folda ya picha zilizopunguzwa, kila moja na jina lenye tarehe na kundi, mfano 2025-05-14-tanga-ukili. Kwenye WordPress ya ndani ni vivyo hivyo: toa faili ya machapisho, kisha nakili folda ya picha kwa mkono.

Fanyeni hivyo kila mwisho wa mwezi, kwenye diski mbili za USB. Moja ikae ofisini, nyingine nje ya shule. Hewa ya chumvi hapa kwetu haichelewi kula vichwa vya USB, kwa hivyo zifungeni ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa, na kila muhula zichomekeni mjaribu kufungua faili mbili tatu.

Na chapeni karatasini machapisho 12 bora, mshone kitabu, kiwekwe maktaba ya shule. Wazee waliohojiwa wapelekewe nakala zao barazani, watoto wakawasomee.